Nyambizi Iliyoachwa Kichwani mwa Mtu

Mwaka 1966 Hollywood ilitoa filamu iitwayo Fantastic Voyage. Mwanasayansi mmoja aliyehamia upande wa Marekani ameshambuliwa njiani, damu imeganda ndani ya ubongo wake, tena mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Wakubwa wanaamua jambo la ajabu. Wanachukua nyambizi, wanaingiza watu watano ndani yake, wanaipunguza mpaka haionekani kwa macho, kisha mgonjwa anadungwa sindano na nyambizi inaingia kwenye mshipa wake wa damu. Wana dakika 60. Zikiisha, kila kilichopunguzwa kitarudia ukubwa wake wa kawaida, popote kitakapokuwa.

Ni filamu tamu kuitazama. Ilipata Oscar mbili, na hata leo, ukiona madaktari wanausimamisha moyo wa mgonjwa kwa makusudi ili nyambizi ipate kupita, unajikuta umeshika kiti. Lakini karibu na mwisho nyambizi inavamiwa na chembe nyeupe ya damu. Inamezwa, na msaliti aliyekuwa amenasa ndani yake anamezwa nayo. Wanne waliobaki wanaogelea mpaka jichoni, wanatoka ndani ya tone la chozi, wanawekwa mahali salama, wanakua. Watu wanapongezana na filamu inaisha.

Na nyambizi je? Imebaki kichwani mwa mgonjwa. Imebomoka, sawa, lakini vipande vyake vyote vimo mle, na maiti ya mtu mzima imo mle, na saa imeshatimia. Filamu yenyewe imetumia muda wake wote kutuonya kwamba hicho ndicho kitakachomuua mgonjwa. Halafu inapofika mwisho inasahau.

Isaac Asimov hakusahau. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuigeuza skripti ile kuwa riwaya, na alikuwa msomi wa biokemia aliyefundisha katika shule ya tiba ya Boston University. Alipoisoma skripti aliliona shimo hilo mara moja, na akataka aruhusiwe kulirekebisha katika kitabu. Katika riwaya yake Grant, ambaye ndiye steringi, anaichokoza ile chembe nyeupe iliyomeza nyambizi ili iwafuate. Wanaogelea mbele, chembe inawakimbiza nyuma yao na mzigo wake tumboni, mpaka wote wanatoka jichoni pamoja. Chuma kinapoanza kukua, kinakulia nje ya mtu. Asimov amesimulia kwamba alipompeleka binti yake kuitazama filamu, mtoto huyo wa miaka 11 aliuliza mwenyewe, bila kufundishwa na yeyote: sasa hiyo nyambizi si itakua imuue yule mtu?

Mtoto wa miaka 11 aliliona. Hapo ndipo penye hoja yangu yote kuhusu riwaya zinazotokana na filamu, na hasa filamu za kisayansi. Riwaya ya namna hiyo inaishinda filamu pale mwandishi anapokubali kuwa yule mtoto.

Najua vitabu hivi vinadharauliwa. Vinachapishwa haraka ili viuze tiketi, jalada lina picha ya waigizaji, mwandishi amepewa wiki chache na skripti ambayo bado inabadilishwa. Vingi vinastahili dharau hiyo, kwa kuwa ni skripti tu iliyoongezewa “akasema” na “akajibu”. Nimevisoma vya kutosha na sitavitetea. Ila katika rundo lile vimo vitabu ambavyo mtu akivisoma kisha akairudia filamu, anaiona filamu imepungukiwa, na huko kupungukiwa kuna sababu zake.

Filamu ya mapenzi inaweza kuwa na mashimo na bado ikasimama. Mume amerudi usiku, mke hamsemeshi, mwongozaji hajatueleza kwa nini; sisi tunajua kwa nini. Tunajaza kutoka kwenye maisha yetu, kwa sababu wivu tunaujua, njaa tunaijua, na deni tunalijua. Hadithi ya kisayansi haina msaada huo. Hakuna kati yetu aliyewahi kupunguzwa akaingizwa kwenye mshipa, kwa hiyo kitu pekee tulicho nacho ni kanuni ambayo hadithi yenyewe imetupa. Ukikaa kucheza bao na mtu anayebadilisha kanuni kete zikiwa zimeshagawanywa, huwezi kuendelea kucheza. Filamu inaweza kulificha kosa hilo kwa muziki na kwa mwendo, kwa sababu mtazamaji hana nafasi ya kusimama na kufikiri. Msomaji anayo. Anaweka kidole kwenye ukurasa, anatazama dari, anajiuliza. Mwandishi wa riwaya anajua kwamba kidole hicho kipo.

Asimov aliendelea kujiuliza hata katika mambo madogo. Katika safari hewa inawapungukia, wanalazimika kuchukua nyingine kutoka kwenye mapafu ya mgonjwa. Katika filamu wanachota, wanaondoka. Lakini mapafu ya watu waliopunguzwa kiasi kile yatatumiaje hewa ambayo haikupunguzwa? Molekuli zake kwao ni kubwa mno. Kwa hiyo kwenye kitabu ni lazima hewa hiyo nayo ipunguzwe kwanza ndipo iwafae. Kadhalika anakumbuka kwamba kitu kidogo namna ile ndani ya maji kinasukumwa huku na huku na molekuli zenyewe, hakiwezi kutulia, basi nyambizi yake inatikisika pale ambapo ile ya filamu inateleza kwa raha. Mtu anaweza kusema huu ni udadisi wa mwalimu. Mimi nasema ndio unaoifanya damu ile iwe mahali. Ukishaambiwa kwamba hata hewa huko ni tatizo, unaanza kuogopa kweli.

Asimov aliandika upesi kiasi kwamba kitabu kilitangulia kutoka na filamu ikafuata baadaye mwaka huohuo. Mpaka leo wapo wanaodhani filamu ilitokana na kitabu. Kosa hilo nalielewa vizuri kabisa.

Nakala yangu niliipata kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, mahali ambapo kitabu cha uhasibu kinalala juu ya Biblia na Biblia iko juu ya riwaya ya mapenzi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hicho kizuri hicho, kina muvi yake.”

Ndivyo vitabu hivi vinavyouzwa kila mahali, hapa kwetu na kwao pia: kina muvi yake. Ningependa siku moja nisikie muvi inauzwa kwa kusema ina kitabu chake.

Nikiulizwa nilijifunza wapi kutaka filamu iwe na maelezo ya ziada, jibu haliko kwenye vitabu. Liko kwenye vibanda vya video. Watu wa rika langu waliokulia Temeke, Manzese au Buguruni wanavikumbuka: mabenchi, deki, televisheni moja juu ya meza, pazia zito mlangoni, joto. Na mbele, kipaza sauti mkononi, msimulizi. Lufufu ndiye aliyevuma kuliko wote, mpaka watu wakawa wanatafuta mkanda kwa jina lake, sio kwa jina la mwigizaji. Wasimulizi hawa hawakuwa wakitafsiri maneno peke yake. Sauti ya filamu ilishushwa, na mtu akaingia kati yetu na picha, akatueleza adui ametoka wapi, ana kisasi gani, na steringi anawaza nini pale anapotazama dirishani bila kusema kitu. Mambo ambayo filamu iliyaacha wazi, yeye aliyafunga. Mara nyingine aliongeza ukoo mzima ambao haukuwamo.

Wasomi wa filamu wanaweza kukasirika. Sisi tuliokuwa kwenye mabenchi tulijua tunapewa kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza, na kwamba ya pili inaweza kuwa bora. Katika kibanda nilichokuwa naenda, msimulizi wetu alikuwa akifika kwenye jambo lisiloeleweka, labda jitu la chuma lisilokufa kwa risasi, anausimamisha mkanda kabisa. Anaeleza. Watu wanauliza. Anajibu. Kisha anaendelea. Nilipokuja kusoma riwaya za filamu ukubwani niliitambua kazi ile: ni mtu aliyeusimamisha mkanda.

Mfano mkubwa kuliko yote ni 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968. Stanley Kubrick alikuwa mwongozaji, Arthur C. Clarke mwandishi. Hiki si kitabu kilichoandikwa baada ya filamu kumalizika. Walianza kazi pamoja mwaka 1964 jijini New York, skripti na riwaya zikakua bega kwa bega. Filamu ikatoka Aprili, kitabu kikafuata miezi michache baadaye. Clarke alikuwa ameshahamia Sri Lanka tangu 1956, akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 2008, kwenye bahari hiihii inayopiga hapa Kivukoni. Sijui kwa nini jambo hilo linanifurahisha kiasi hiki, lakini linanifurahisha.

Ndani ya chombo cha anga kuna kompyuta iitwayo HAL 9000, yenye sauti ya upole. Katikati ya safari HAL anaanza kuua. Anamuua mwanaanga Poole akiwa nje ya chombo, anawaua watatu waliolazwa usingizi mrefu, na anakaribia kummaliza Bowman, mwenzake Poole. Kwa nini? Filamu inatupa dokezo moja jembamba, ujumbe uliorekodiwa unaosikika baada ya HAL kuzimwa, na unaonyesha kwamba yeye alijua siri ya safari ile tangu mwanzo. Watu wengi wanatoka wakisema kompyuta iliingiwa na wazimu, au kompyuta zote ni mbaya.

Clarke anaandika kurasa chache tu kuhusu hili, na kwangu ni kati ya kurasa nzuri kuliko zote katika hadithi za kisayansi. HAL ameumbwa ili aseme kweli. Halafu waliomuumba wakampa amri ya kuficha: Bowman na Poole wasijue chombo kinakwenda kufanya nini hasa. Watatu waliolala wanajua, HAL anajua, wawili walio macho hawajui, na HAL anazungumza nao kila siku. Anasema uongo kila siku, naye hakuumbwa kwa uongo. Hali hiyo inamla. Kosa lake la kwanza ni kutangaza kwamba kifaa cha antena kinakaribia kuharibika, na antena ndiyo njia ya mawasiliano na dunia, yaani na wale wanaomtazama na kumpima. Bila kujielewa, anajaribu kukata kamba inayomfunga na waamuzi wake. Kisha anasikia kwamba wanataka kumzima. Sisi tukiambiwa tutazimwa kwa muda tunasema sawa, tutalala, tutaamka. HAL hajawahi kulala. Hajui kwamba kuna kuamka. Kwake kuzimwa ni kifo, na anafanya kile ambacho kiumbe yeyote anayetishiwa kifo hufanya.

Baada ya kurasa hizo siwezi tena kumuita HAL adui. Adui ni karani fulani duniani aliyeandika amri mbili zinazopingana, akazifunga kwenye faili moja, akaenda nyumbani kula. Leo tunaongea na programu za kompyuta kila siku, na kila moja ina maagizo ambayo sisi hatuyaoni. Kitabu cha 1968 kinatufaa zaidi kuliko filamu ya 1968, na kinatufaa kwa sababu kilieleza.

Kuna jingine. Katika kitabu chombo kinakwenda Zohali, sayari yenye pete. Katika filamu safari inaishia Mshtarii, na sababu ilikuwa ya kiufundi: watu wa picha za hila walishindwa kutengeneza pete za Zohali zikaaminika kwenye skrini. Clarke hakuwa na tatizo la pete, maana pete za maneno ni rahisi. Hivyo chombo chake kinapita karibu na Mshtarii, kinaazima kasi kutoka kwenye mvutano wa sayari ile kubwa, na kinarushwa mbele kuelekea Zohali. Voyager 1 ilirushwa 1977, ikapita Mshtarii 1979, ikatumia mvutano huohuo na kufika Zohali 1980. Filamu ilibanwa na kile ambacho mikono ya mwaka 1968 iliweza kukijenga. Kitabu kilibanwa na fizikia peke yake.

Binamu yangu, ambaye anaipenda filamu hii kuliko ninavyoipenda mimi, hakubaliani nami kabisa. Tulibishana siku moja kwenye kivuko cha Kigamboni mpaka watu wakageuka.

“Kaka, Kubrick alinyamaza makusudi. Wewe unataka kila kitu kielezwe kama barua ya benki. Kitu kikubwa hakielezwi.”

“Mdogo wangu, nakubali kwenye nyani. Kwenye chumba sikubali.”

Kwenye nyani, yaani sehemu ya mwanzo ya filamu, nakubali kweli. Ule mfupa unaorushwa juu na nyani na kugeuka chombo angani hauna mfano, na sura za kwanza za Clarke, pamoja na uzuri wake, hazifikii pale. Picha imeshinda. Lakini chumba! Mwishoni mwa filamu Bowman, baada ya kupita kwenye mataa na rangi, anajikuta kwenye chumba cheupe chenye samani za kizamani. Anazeeka. Anakufa. Anazaliwa upya. Ni kitu cha kutazamwa kwa mdomo wazi, na ukitoka nje huna pa kukishikia.

Kwenye kitabu chumba hicho ni cha hoteli, kama hoteli yoyote ya kwao duniani. Kuna kitabu cha simu. Bowman anakifungua, kurasa ni tupu. Kuna maboksi ya vyakula vya kila aina. Ndani ya yote mna kitu kilekile cha rangi ya buluu. Anawasha televisheni, anaona kipindi cha zamani, na ndani ya kipindi hicho kipo chumba kilekile alichokaa. Hapo anaelewa. Viumbe walio huko, hao asiowaona na hatawaona, walikuwa wakipokea matangazo ya televisheni kutoka duniani. Walijua mgeni anakuja. Hawakujua analalaje wala anakula nini, wakaangalia kile walichokipata, wakamwandalia chumba kwa kadiri ya walivyoelewa. Walikosea mengi, lakini kitanda wakakitandika.

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo mgeni analazwa kitandani na wenyeji wanashuka mkekani anajua mara moja amesoma nini. Nilimwambia binamu yangu hivyo. Alinyamaza mpaka kivuko kilipogusa ng’ambo, kisha akasema bado anaupenda ukimya wa Kubrick. Ana haki yake.

Kuna namna nyingine ya ushindi ambayo haihusu kanuni wala maelezo. Inahusu macho: nani anayetazama. Mwaka 1982 Steven Spielberg alitoa E.T., na kila mtu anaijua: mtoto Elliott, kiumbe mwenye shingo ndefu, baiskeli inayopaa. Riwaya yake iliandikwa na William Kotzwinkle, ambaye tayari alikuwa mtunzi anayeheshimika, na alifanya jambo la ujasiri. Alimpa kiumbe yule akili. Filamu inamwonyesha mwanzoni akikusanya mimea, basi. Kitabu kinamchukulia kwa uzito kama mtaalamu wa mimea, mzee wa mamilioni ya miaka, anayesikilizana na majani, aliyeachwa na wenzake kwenye sayari ya watu wasioelewa kitu. Filamu inamfanya karibu mtoto mwenzake Elliott. Kotzwinkle anamfanya mtu mzima kabisa, msomi, mpweke, anayefichwa kwenye kabati la nguo na watoto.

Na anampenda mama wa nyumba ile. Mama ameachwa na mumewe, anahangaika peke yake na watoto watatu, na kuna mtu ndani ya nyumba yake anayeiona taabu yake yote naye hamjui. Katika filamu kuna kipande cha kuchekesha pale jikoni, mama anafungua mlango wa friji unamgonga kiumbe, anaanguka, mama hajamwona. Ukumbi mzima unacheka. Ukishasoma kitabu kile, ukirudi kwenye kipande hicho, kicheko hakitoki. Wapo waliochukizwa na mapenzi yale ya kitabuni, wakaona yanaharibu filamu ya watoto. Mimi naona Kotzwinkle aliona kitu ambacho kamera ilikuwa nacho mbele yake muda wote na haikukigeukia.

Kuhusu Alan Dean Foster ningeweza kuandika makala nzima. Ndiye fundi mkuu wa kazi hii. Hata riwaya ya Star Wars iliyotoka mwishoni mwa 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu yenyewe, ikiwa na jina la mwongozaji George Lucas jaladani, ni yeye aliyeiandika. Nataja jambo moja tu. Alipoandika riwaya ya Alien, filamu ya 1979 ya zimwi lililoingia ndani ya chombo cha anga, studio haikumwonyesha jinsi zimwi lilivyo. Lile umbo la kutisha alilolichora H. R. Giger, ambalo ndilo fahari ya filamu, mwandishi hakuliona. Alilazimika kuandika kitabu kizima cha zimwi bila kulieleza zimwi. Matokeo yake ni kwamba kitabuni linakuwa mwendo, kivuli, mkono uliopita, na watu wanaohema kwenye korido za chombo. Sisemi kimeishinda filamu. Giger hashindwi kirahisi. Ila kitabu kimehifadhi tukio lililokatwa kwenye filamu ya 1979, la nahodha Dallas kukutwa angali hai, amenaswa kwenye utando wa zimwi, anaomba auawe. Watazamaji waliliona kwenye toleo la mwongozaji mwaka 2003. Wasomaji walikuwa nalo tangu mwanzo.

Jambo kama hilo lilitokea tena na The Abyss ya James Cameron, mwaka 1989, na hapa ndipo hadithi inaponigusa zaidi. Wachimbaji wa mafuta wako chini kabisa ya bahari, wanakutana na viumbe wenye nuru wanaoishi kwenye kina. Filamu ilipotoka, mwisho wake ulikuwa mwembamba: viumbe wanamwokoa steringi, wanapanda juu, kwisha. Sababu ya wao kujitokeza haikueleweka. Riwaya iliyoandikwa na Orson Scott Card ilikuwa nayo. Viumbe wale wameziona vita zetu, wamechoka, wananyanyua bahari. Mawimbi makubwa kama milima yanasimama mbele ya miji ya pwani, watu wamejikunyata ufukweni, na mawimbi yanasimama hapo hapo, hayaanguki. Kisha yanarudi. Cameron aliipiga sehemu hiyo lakini akaikata. Ikarudishwa kwenye toleo refu baadaye.

Nilikisoma kitabu hiki baada ya tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari nzima yakafika mpaka kwetu, na watu walikufa hapa Dar es Salaam waliokuwa wameingia tu kuogelea. Sikuweza kuisoma sura ile ya mawimbi kama mchezo. Maji yaliyosimama na kurudi, kwa mtu wa pwani hii, ni ombi.

Lakini kilichonishangaza zaidi kuhusu kitabu cha Card kilitokea kabla hakijachapishwa. Filamu inahusu pia mume na mke, Bud na Lindsey, ambao ndoa yao imevunjika. Card aliandika sura za mwanzo kuhusu utoto wao, mambo ambayo hayamo kwenye filamu hata kidogo. Cameron akazichukua sura hizo akawapa waigizaji wake, Ed Harris na Mary Elizabeth Mastrantonio, wazisome ili wawajue watu wanaowaigiza. Itazame filamu ukijua hilo. Kuna sehemu Lindsey anakubali kuzama ili Bud amvute akiwa maiti na kumfufua upande wa pili, na yale macho wanayotazamana kabla maji hayajamfunika hayakutoka kwenye skripti peke yake. Riwaya iliingia ndani ya filamu kabla filamu haijaisha.

Hilo linawezekana hapa Dar kesho asubuhi. Filamu zetu zina waigizaji hodari wanaopewa skripti usiku na kuigiza asubuhi, na adui anakuwa adui kwa sababu tu amevaa miwani myeusi. Papo hapo mji umejaa waandishi wa simulizi, vijana kwa wazee, wanaoandika kwenye simu na kuwatumia wasomaji wao sehemu moja moja kwenye WhatsApp na Facebook, na wanajua kumpa mtu ukoo, deni, aibu na sababu. Ningekuwa mwongozaji ningemtafuta mmoja wao wiki mbili kabla ya kupiga picha. Ningempa skripti, ningemlipa, na ningemwomba aniandikie utoto wa adui: alilelewa na nani, alinyimwa nini, na siku ya kwanza aliyoiba aliiba kwa ajili ya nani. Kisha ningempelekea mwigizaji akazisome kurasa hizo kabla hajavaa ile miwani.